Mteja wa Jana Ana Kosa Gani?

Mabibi na mabwana, wafanyabiashara wenzangu wa Nairobi, wengi wenu mmeshanisikia nikililalamikia jambo hili, na leo nitalilalamikia tena, kwa sababu nikija hapa nimepita maduka matatu yenye mabango ya ofa kwa wateja wapya, wala sikuona hata moja lenye neno kwa yule aliyenunua jana.

Nitaanza na kisa changu. Kwa miaka sita nililipia intaneti ya nyumbani kwa kampuni moja ya hapa mjini, shilingi 3,000 kila mwezi, bila kuchelewa hata mara moja. Siku moja kijana wa kampuni hiyohiyo alibisha hodi kwa jirani yangu, na jioni jirani akanijia akicheka: amefungiwa bure, na kwa bei yangu ileile amepewa kasi maradufu kwa miezi mitatu. Nikapiga simu. Binti aliyepokea, mwenye adabu kabisa, akanieleza, "Mzee, ofa hiyo ni ya wateja wapya pekee." Nikamuuliza mteja wa zamani afanye nini ili awe mpya. Akanyamaza kidogo, kisha akashusha sauti: nisitishe huduma, nikae mwezi mmoja, halafu nijisajili upya kwa jina la mke wangu. Hebu fikirini! Nimewalipa zaidi ya shilingi 200,000, na mfanyakazi wao mwenyewe ananifundisha kwamba ili nithaminiwe sharti kwanza niondoke. Ushauri wake niliufuata nusu. Nilisitisha, na mwezi ulipokwisha tukajisajili kwa jina la mke wangu, ila kwa kampuni nyingine. Wale wa kwanza hawajaniuliza hadi leo nimekwenda wapi.

Najua yupo hapo nyuma anayesema moyoni kwamba biashara isiyopata wateja wapya hufa. Ni kweli, na sijasema mng'oe mabango. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao, nasi tunauacha kila mwisho wa mwezi. Anayenunua kwako vitu vya shilingi 300 kila wiki si mteja wa shilingi 300. Kwa mwaka ni mteja wa shilingi 15,600, na akiudhika hatakuja kukupigia hesabu hiyo, atavuka barabara tu. Anayelalamika bado anakutaka. Mwogopeni aliyenyamaza.

Mtazameni mama mboga wa mtaani kwangu, ambaye hajahudhuria semina yoyote. Ukitaka avokado atakuuliza, "Ya leo au ya kesho?" kisha aibonyeze kwa kidole karibu na kikonyo kabla ya kukupa. Sukuma wiki ya bibi mmoja jirani yetu huikata nyembamba mno bila kuambiwa, kwa kuwa anajua meno yake. Na lile fungu la dania la bure humpa anayekuja kila siku, si mpita njia. Yaani nyongeza yake inakwenda kinyume kabisa na ofa ya kampuni yangu ya zamani!

Mtaniambia kwamba wateja wa zamani ndio wanaokopa. Mali bila daftari hupotea bila habari: andikeni, wekeni kiwango, wala msimdai mtu mbele ya wenzake. Wengine wanaamini mteja hana pa kwenda. Tangu Aprili 2011 Mkenya anaweza kuhamia mtandao mwingine wa simu akiwa na namba yake ileile; sasa wewe mwenye duka la redio Luthuli Avenue, ambako duka linapakana na duka jingine la redio, utamfunga kwa kamba gani?

Nilikusudia kusema kuhusu wafanyakazi wanaobadilishwa kila mwezi hata mteja akakosa uso anaoujua, lakini muda hauniruhusu. Kuhusu matangazo ya simu niseme moja tu: namba iliyotumika kukulipa si ruhusa ya kumtumia mtu matangazo usiku, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka kwanza aridhie.

Mwenyekiti ananionyesha saa, na chai imeshaingia. Kabla hamjainuka, kila mmoja akumbuke jina la mteja aliyekuwa akija kila wiki na hajaonekana tangu mwezi uliopita. Aliyelipata ampigie leo, si kumuuzia kitu, ni kumjulia hali. Asiyekumbuka hata jina moja, tukutane pale kwenye birika.