Chakula cha Kobe Mchanga Hakiko Sokoni

Mabibi na mabwana, wazazi wangu, vijana, asanteni kwa kuja. Naona wengine mmekuja na kobe wenyewe kwenye ndoo na maboksi. Hao walioachwa pale dirishani waletwe kivulini tafadhali. Ndoo ya plastiki ikikaa juani itamuua kobe kabla sijamaliza salamu.

La sheria nilipite haraka. Kobe wa porini ni mali ya taifa, kwetu Tanzania na kwa jirani zetu wa Kenya, na kumfuga kunataka kibali. Yule kobe bapa anayejibana kwenye nyufa za miamba amekuwa katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, tangu 2019, maana yake biashara yake ya kimataifa imefungwa. Ukikuta kobe anavuka barabara, mvushe upande aliokuwa akielekea, basi, safari yako iendelee. Ninaowasemea leo ni watoto wa kobe walioanguliwa bandani au waliokabidhiwa watu kihalali, hasa huyu wetu wa bara mwenye gamba la manjano lenye madoa meusi.

Sasa tuingie kwenye chakula.

Wengi wetu kobe wa kwanza tuliyemlisha kwa mkono ni wa kisiwa cha Changuu, pale mbele ya mji wa Unguja. Wale asili yao ni Aldabra, visiwa vya Ushelisheli. Wanne waliletwa kama zawadi kutoka Ushelisheli mwaka 1919, wakazaana hata ilipofika 1955 wakawa kama 200, kisha wizi ukawamaliza hadi mwaka 1996 wakabaki saba. Leo wapo wengi tena na wanalindwa. Mgeni anayefika pale hupewa majani ayashike, kobe anarefusha shingo, anang'ata, picha inapigwa. Tunaondoka tukijua kwamba kobe anakula mchicha. Lakini yule ni mnyama anayeweza kupita kilo 200, na kutwa nzima anatafuna vitu vingine ambavyo hatukuviona. Wa kwako ana gramu 30 hivi. Makosa ambayo mkubwa anayameza bila shida, huyu yanamwingia mfupani.

Huko Aldabra kwenyewe kuna majani ya ajabu kidogo. Ni nyasi fupi na ndago zilizong'atwa na kobe vizazi kwa vizazi, hata zimezoea kutoa mbegu zake chini kabisa, karibu na ardhi, mahali ambapo mdomo wa kobe haufiki vizuri. Hicho ndicho chakula kilichomlea mnyama mkubwa namna ile: nyasi kavu kavu, maskini, zenye nyuzinyuzi nyingi na utamu kidogo. Wa kwetu wa bara naye ni hivyo hivyo. Nyasi, magugu, majani ya mimea inayotambaa, ua likidondoka analiokota. Na hutafuna mifupa mikavu, hata kinyesi cheupe cha fisi, kwa sababu kimejaa kalsiamu. Mnacheka, lakini kobe huyo anajua anachokitafuta kuliko sisi tunaomwekea tango.

Hilo tango tulizungumze. Karibu lote ni maji. Halimuui kobe, ila linamjazia tumbo na kumwacha bila kitu. Ndizi mbivu ni mbaya zaidi: katika gramu 100 ina kalsiamu kama miligramu 5 na fosforasi kama 22. Kobe anayekua anahitaji kinyume chake, kalsiamu angalau mara mbili ya fosforasi. Fosforasi ikizidi, mwili unakwenda kukopa kalsiamu kwenye mifupa, na kwa kobe gamba nalo ni mfupa. Tena sukari ya matunda huvuruga vile vijidudu vya utumboni vinavyomsagia nyasi. Anaharisha, minyoo inapata sherehe. Na msiniambie "lakini daktari, anaipenda". Ataipenda. Chekundu na cha manjano humvuta, nyanya ataikimbilia kwa mwendo ambao hamkujua anao. Hata mtoto wangu anapenda pipi.

Nimeletewa kobe mmoja, umri kama miaka miwili, amekuzwa kwa mkate uliolowekwa kwenye maziwa. Wenyewe walikuwa wanampenda sana, na alikuwa mkubwa kwa umri wake, wanamsifia kwa hilo. Nilimgeuza taratibu, nikaugusa utaya wa chini kwa ukucha. Ulibonyea. Miguu ya nyuma ilikuwa haimwinui, tumbo linaburura sakafuni, na mdomo wa juu umerefuka ukapinda. Maziwa kobe hawezi kuyasaga. Mkate, wali, ugali ni wanga mtupu. Na chakula cha mbwa au paka, ambacho wengine hutoa wakidhani wanaongeza nguvu, kina protini nyingi mno kwa mla nyasi: figo zinashindwa, na mawe yanaanza kujijenga kibofuni. Kobe mchanga anayekua haraka si wa kujivunia. Porini anakua polepole, mvua anashiba, kiangazi anapungukiwa.

Basi ale nini? Toka nyuma ya nyumba yako. Uko ukoka pale. Huo ndio msingi. Ila kobe wa miezi michache mdomo wake bado ni laini, nyasi ndefu zinamshinda, kwa hiyo zikatekate ndogo kama unavyokata mboga ya kupika, uchanganye na majani mapana. Kadiri anavyokua ongeza nyasi, mpaka akiwa mkubwa zifike robo tatu ya chakula chake.

Majani mapana bora kuliko yote kwa pwani yetu, kwa maoni yangu, ni mchunga. Ule ule mchungu unaochumwa na bibi zetu ukapikwa na nazi. Wafugaji wa Ulaya huwatafutia kobe wao magugu ya jamii hiyo hiyo, sisi unaota bure pembeni ya shamba na tunaupita tukaenda kununua kabichi. Ongeza kikongwe, ongeza kishona nguo kabla hakijatoa mbegu. Majani na maua ya haibiskasi, lile jekundu la kwenye uzio, ni chakula kizuri mno na kobe wengi hulipenda hata kuliko nyanya. Majani ya mforosadi pia. Mpungate kama unao, chukua kile kipande kichanga, kibabue motoni miiba yote iungue pamoja na vile vinywele vidogo, kisha kikatekate: kina kalsiamu nyingi na nyuzinyuzi. Mlonge ni mzuri ila una protini nyingi, kwa hiyo vijani vichache tu, mara moja moja.

Mchicha nao? Msiutupe, ila usiwe chakula cha kila siku. Una oksaleti, inayoikamata kalsiamu ikapita nayo moja kwa moja hadi kwenye kinyesi. Sukuma wiki na kabichi zikitawala zinaizuia tezi ya shingo kutumia madini joto. Mara moja kwa wiki katika mchanganyiko, sawa. Kisamvu, hapana kabisa. Sisi tunakitwanga na kukichemsha muda mrefu ndiyo sumu yake ya sayanidi inatoka; kobe anakila kibichi. Na kabla hujamwachia bustani nzima, kagua kama kuna mbarika, mnanaha, lantana, mnyaa wenye utomvu ule mweupe, au majani ya mparachichi yaliyoanguka. Vilevile usichume kando ya barabara kuu wala kwenye shamba lililopigwa dawa juzi.

Kalsiamu ya ziada isiwasumbue kichwa. Maganda ya mayai, yachemshe, yakauke, yasage yawe unga, nyunyiza kidogo tu kwenye majani mara mbili au tatu kwa wiki. Au tembea ufukweni, uokote ule mfupa mweupe wa dome, yule jamii ya pweza, uuoshe chumvi itoke, umwekee bandani autafune mwenyewe. Mdomo nao unapata kulika vizuri. Lakini kalsiamu hiyo haina kazi bila vitamini D, na vitamini D yeye huitengeneza kwa jua. Jua la kweli, la asubuhi, lisilopita kwenye kioo, maana kioo cha dirisha huzuia ile miale inayohitajika. Awe na kivuli cha kukimbilia. Wenye ndugu wanaofuga kobe ndani ya nyumba London au Toronto wawaambie kwamba huko taa ya UVB, inayotoa miale hiyo hiyo, si anasa, na ina umri: inaendelea kuwaka huku miale imekwisha, ndiyo maana hubadilishwa kila baada ya miezi sita hadi kumi na miwili.

Mama pale ameinua mkono... Anauliza kuhusu vilima kwenye gamba, kwamba aliambiwa ni protini. Swali zuri sana. Kwa miaka mingi sote tuliamini hivyo. Mwaka 2003 watafiti Wiesner na Iben wa Vienna walichapisha utafiti wao juu ya vifaranga 50 vya kobe wa Sahara waliolelewa kwa miezi mitano katika viwango tofauti vya unyevu na vya protini. Kilichoonekana ni kwamba ukavu wa hewa ndio uliotengeneza vilima zaidi. Protini mchango wake ulikuwa mdogo. Kwa hiyo mama, lishe yako inaweza kuwa sawasawa na bado gamba likapanda vilima kwa sababu banda ni kavu. Weka kona yenye udongo unyevu na majani makavu ajifukie. Na umwogeshe: sahani pana, maji ya uvuguvugu yasiyopita kidevu chake, dakika 15 hadi 20, kila siku kwa mchanga kabisa. Humo humo atakunywa na kujisaidia. Angalia ule mkojo mweupe. Ukiwa laini kama dawa ya meno, yuko salama. Ukiwa na chengachenga kama mchanga, mwili unakosa maji.

Kingine, mpime. Mizani ya jikoni inatosha, siku ile ile ya wiki, andika kwenye daftari. Nikiletewa kobe mgonjwa, daftari hilo linanisaidia kuliko maelezo marefu ya "alikuwa mzima tu jana". Na kama ndiyo kwanza ameanguliwa na hataki kula, msishtuke siku za mwanzo: bado anatumia kiini cha yai alichobaki nacho tumboni. Gamba lake nalo huwa na unyumbufu kidogo miezi hiyo, si ugonjwa.

Kaka wa Lushoto, nilikuahidi. Kobe wako kila Juni, baridi ya huko kwenu milimani ikiingia, anaacha kula na unamfungua mdomo kwa kijiti kumlisha. Acha kijiti. Huyu si kama wale wa Ulaya wanaolala miezi ya baridi. Huyu wetu halali, amepoa tu, na tumbo lililopoa halisagi kitu. Chakula unachomsukumia kinaozea ndani. Mpashe joto kwanza: banda lihamie ukuta unaopigwa na jua la asubuhi, usiku awe ndani kwenye boksi lenye nyasi kavu, na kama umeme upo weka taa ya joto upande mmoja tu ili aweze kusogea mbali nayo. Mwogeshe maji ya uvuguvugu. Ukiona ameanza kutembea na kunusanusa, hapo ndipo umwekee majani. Akikaa wiki nzima kwenye joto la kutosha na bado hataki, mlete nimwone, na uje na daftari.