Jina Linapotangulia Habari: Mhadhara Uliotolewa Lindi

Wazee wangu, ndugu zangu, nanyi vijana wa sekondari mlioketi nyuma, naomba tuanze na majina mawili ambayo sote tumeyasikia: Uasi wa Maji Maji na Vita vya Maji Maji. Tukio ni lile lile. Mwezi Julai 1905, huko Nandete katika milima ya Umatumbi, watu waliochoshwa na kulimishwa pamba kwa nguvu waliing'oa miche shambani, na mapambano yakaenea kusini yote hadi 1907. Wajerumani waliyaita uasi. Asikiaye uasi huuliza nani aliasi na aliadhibiwaje. Asikiaye vita huuliza watu walipigania nini. Habari ya pamba, kodi na viboko vya maakida, yaani wasimamizi waliowekwa na Wajerumani, ilifukiwa ndani ya jina hilo moja la uasi, nasi tukalirithi bila kulihoji.

Wengi hudhani propaganda ni uongo mtupu. Mimi naiogopa zaidi pale inapolipa jambo jina kabla hatujalijadili, kwa kuwa uongo unaweza kukanushwa kwa ushahidi, lakini jina huzoeleka tu mdomoni. Nchini Rwanda, kabla ya mauaji ya kimbari ya 1994 na wakati yakiendelea, redio ya RTLM iliwaita Watutsi inyenzi, yaani mende, katikati ya muziki na mazungumzo ya kawaida.

Haki inanilazimu niseme kwamba propaganda nasi tuliitumia. Ujumbe wa Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, kwamba dawa ya maji ingegeuza risasi kuwa maji, ulienezwa kwa minong'ono, mtu kwa mtu, ukaunganisha makabila ambayo hayakuwa na mtawala mmoja, na ukawapeleka watu mbele ya bunduki za rashasha. Nawaheshimu wale waliouamini, na bado nauita propaganda, maana tumaini lilitangulia uthibitisho.

Msimu uliopita wa korosho, siku mbili kabla ya mnada, jirani yangu alinisikilizisha ujumbe wa sauti uliomfikia kwenye simu. Ilikuwa sauti tulivu ya mzee mwenye lafudhi ya Kimwera, ikisema, "Wanangu, bei imekufa, asiyeuza leo atalia." Haikutaja ghala, wala chama cha ushirika, wala jina la msemaji. Usiku ule ule jirani yangu aliuza magunia mawili kwa kangomba, yaani kwa walanguzi wanaonunua nje ya mnada. Nilipomuuliza ni nini kilichomfanya aamini, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Aliniita mwanangu."