Bach Alikuwa Analipwa Ngapi?

Asanteni, asanteni, kaeni tu. Mwenyekiti amenipa dakika arobaini, na wale walionisikiliza mwaka jana wanajua ntasema nini, kwa hiyo wao wanaruhusiwa kusinzia kidogo, ntawaamsha tukifika kwenye mazishi.

Nimeombwa niongelee namna ya kuandika wasifu wa watunzi wakubwa wa muziki wa zamani wa Ulaya, kina Bach, Mozart, Beethoven, kwa ajili ya msomaji wa kawaida, yaani mtu ambaye hasomi nota na hana mpango wa kusoma nota, ila anapenda kusoma na masikio anayo. Jibu langu ni lilelile: anza na hela. Nani alikuwa anamlipa huyu mtunzi, kiasi gani, kwa wakati au kwa kuzungushwa, na nyumbani kulikuwa na midomo mingapi inayoisubiri hiyo hela. Ukishalijibu hilo, sehemu kubwa ya kitabu chako imeshajiandika.

Hebu angalieni tunavyoandika saivi. Johann Sebastian Bach alizaliwa tarehe 21 Machi 1685 mjini Eisenach, katika familia ya wanamuziki, akiwa na kipaji cha pekee. Halafu miji aliyoishi. Halafu listi ya kazi zake. Halafu alifariki tarehe 28 Julai 1750. Kila kitu hapo ni kweli, na hakuna binadamu anayefika mstari wa tatu. Hiyo ni sivii, tena sivii ya mtu ambaye hatafuti kazi tena.

Sasa chukueni barua moja. Tarehe 28 Oktoba 1730 Bach yupo Leipzig, Ujerumani, ni mwalimu wa muziki wa shule na makanisa ya mji, ana miaka 45, anamwandikia rafiki yake wa shuleni anayeitwa Georg Erdmann, ambaye maisha yamemnyookea, ni mwakilishi wa serikali ya Urusi kule Danzig, ndo Gdańsk ya Poland siku hizi. Imepita karibu miaka minne tangu Erdmann amjibu barua ya mwisho. Na nyie mnajua, mtu akikaa kimya miaka minne halafu anakuandikia barua ya heshima tele, ujue kuna jambo. Jambo lenyewe ni kazi, anauliza kama huko Danzig hakuna nafasi.

Anataka kuondoka kwa nini? Anazitaja sababu moja moja kama mtu aliyezirudia usiku kitandani. Kazi hailipi kama alivyoambiwa wakati anaichukua. Marupurupu mengi yamekatwa. Mji ni ghali, anasema kule kwao Thuringia mtu anafika mbali zaidi kwa thaler 400, ndo hela yao enzi zile, kuliko Leipzig kwa mara mbili yake. Na mabosi ni watu wa ajabu, muziki hawaujali, kila siku ni maudhi na wivu. Huyu ni Bach jamani, yule wa sanamu. Ukiondoa jina, mwalimu yeyote aliyekaa humu ndani angeweza kuiandika hiyo barua, na wengine najua mmeshaiandika.

Haya, amkeni, tumefika kwenye mazishi. Kipato chake ni kama thaler 700 kwa mwaka, lakini mshahara wenyewe wa kudumu ni kama 100 tu, zilizobaki zote zinatoka kwenye posho za hapa na pale, harusi na mazishi. Ilikuwa hivi, wanafunzi wa shule yake waliimba kwenye msiba, familia ikalipa, na mwalimu akapata fungu lake. Kwa hiyo Bach anamweleza rafiki yake, kwa utulivu kabisa, mtu anapiga hesabu, kwamba mazishi yakiwa mengi kipato kinapanda, ila hewa ikiwa nzuri kinashuka, na mwaka uliopita hewa ilikuwa nzuri mno, amepoteza zaidi ya thaler 100 za mazishi.

Mnacheka. Wote mnacheka hapo, kila mahali nikiisimulia watu wanacheka, na ndicho ninachokitaka, kwa sababu msomaji akishacheka na Bach hawezi tena kumuogopa. Ila msifunge kitabu hapo. Hiyo barua isome ukiwa umefungua na daftari la watoto wake pembeni. Januari ya mwaka huohuo 1730 mke wake Anna Magdalena alizaa binti, Christiana Benedicta, na yule mtoto akaishi siku chache tu. Alikuwa wa nne kufa katika ile nyumba ndani ya miaka mitano. Katika watoto 20 aliozaa na wake zake wawili, 10 ndo walifika utu uzima. Sasa huyu mtu anayelalamika kwamba watu hawafi vya kutosha mjini, si kwamba kifo hakijui. Anakijua mpaka bei yake. Nikiwa na sentensi mbili hizo, ya posho na ya mtoto, sihitaji kuandika kwamba Bach alikuwa mtu mwenye imani nzito na maisha magumu, msomaji ameshaelewa na hajahubiriwa.

Na bado hujamaliza ule mwaka. Mwezi Agosti madiwani wa Leipzig walikaa kikao wakasema huyu mwalimu wa muziki hafanyi kazi, na hata akiulizwa hataki kujieleza, mmoja wao akasema huyo hatengenezeki tena, wakaona dawa ni kumpunguzia mapato. Bach naye mwezi huohuo akawapelekea andiko lake kuhusu hali ya muziki makanisani, na mwishoni kabisa anawahesabu vijana wa kwaya: 17 wanafaa, 20 bado, 17 hawafai kabisa. Hakupamba. Walimu wa kwaya naona mnaangaliana, kila mmoja anajua hesabu yake. Na wakati anaandika hayo yote, kazi kama ile ya Mateso ya Kristo kadiri ya Mathayo ilikuwa imeshaimbwa kwenye kanisa la hao hao, wengi wanakubaliana ilikuwa Ijumaa Kuu ya 1727. Madiwani walikuwa wamekaa pale wanasikiliza. Miaka mitatu baadaye wanasema hafanyi kazi.

Mwaka mmoja tu huo! Ningeambiwa niandike kitabu cha kurasa 150 kuhusu Bach ningekifungua hapohapo, 1730, halafu ndo nirudi nyuma kwa yule mtoto aliyefiwa na wazazi wote kabla hajatimiza miaka 10, na kijana wa miaka 20 aliyeomba ruhusa ya wiki nne kazini kwake mjini Arnstadt akatembea mamia ya kilomita kwenda mji wa Lübeck kumsikiliza Buxtehude, mpiga kinanda maarufu, akarudi baada ya miezi kama minne, bosi anafoka. Na 1717, Weimar, alipong'ang'ania kuacha kazi mpaka mtawala akamweka ndani karibu mwezi mzima ndo akamwachia. Mnaona hizo zote ni stori za kazi? Mwajiri, likizo, kuacha kazi. Hakuna msomaji duniani asiyezielewa.

Sasa kuna mtu hapo nyuma, namwona, mikono kaifunga, anataka kusema unamshusha hadhi. Unamfanya mtumishi wa Mungu aonekane mpenda hela. Ndugu yangu, simshushi, yeye mwenyewe kaandika! Hadhi gani hiyo inayoogopa barua ya mwenyewe? Nimeshaambiwa na mhariri mmoja nitoe kile kipande cha mazishi kwa sababu hakipendezi, badala yake niweke kwamba alisaini kazi zake kwa kumtukuza Mungu. Nikamwambia naweka vyote, kwa sababu ni mkono mmoja ulioandika vyote. Akatoa cha mazishi. Ndo tulivyo, tunataka mtunzi asiyekula.

Na mwingine, huyu ni wa kila mwaka, atauliza Wazungu hawa waliokufa miaka 250 iliyopita wanatuhusu nini, kwa nini tusiandike wa kwetu. Waandike wa kwetu, nani amekukataza, andika kesho asubuhi, na anza na hela vilevile. Lakini Pasaka na Krismasi kwaya ngapi kuanzia Mombasa mpaka Moshi zinasimama kuimba Haleluya ya Handel, mwimbaji wa bezi jasho linamtoka, na hajawahi kuambiwa kwamba mara ya kwanza iliimbwa Dublin, tarehe 13 Aprili 1742, kwenye tamasha la kuchangisha hela, na wanawake waliombwa waje bila zile gauni za kutanuliwa kwa pete na wanaume waache mapanga nyumbani ili waenee, wakaenea kama 700, na hela iliyopatikana ilisaidia hospitali mbili na kuwatoa wafungwa 142 waliofungwa kwa madeni. Mtu aliyetokwa jasho kwa huo wimbo ana haki ya kujua kwamba siku ya kwanza ulilipa madeni ya watu. Simpi historia ya Ulaya hapo, namwambia habari za wimbo anaouimba yeye.

Nimetumia muda mwingi kuliko nilivyopanga. Mambo mengine nayapitia.

Uongo. Watu wanadhani kuandika kwa wepesi ni kutia chumvi. Hapana bwana, mara nyingi kilichoandikwa kwenye makaratasi kinazidi stori. Mnaijua ile ya kwamba Bach alitunga ile kazi ya kinanda inayoitwa Goldberg kwa ajili ya tajiri aliyekosa usingizi, na kijana Goldberg akawa anampigia usiku kucha? Stori nzuri. Imetoka kwa Forkel, aliyeandika wasifu wa Bach, kwenye kitabu chake cha 1802, wakati kazi yenyewe ilichapishwa 1741, Goldberg akiwa na kama miaka 14, na kwenye jalada hakuna jina la tajiri yeyote, na enzi zile tajiri akikulipa unamweka mbele kwa herufi kubwa. Unaweza kuisimulia, ila mwambie msomaji imetoka kwa nani na lini. Msomaji wa kawaida sio mtoto, anapenda kuona unavyopeleleza. Beethoven ndo kabisa, katibu wake Schindler, aliyeandika wasifu wa kwanza wenye jina, alikuwa anaongeza maneno yake mwenyewe kwenye yale madaftari ambayo watu walimwandikia Beethoven kwa kuwa alikuwa kiziwi, tena anaongeza mwenzake ameshakufa, watafiti wa Berlin walimgundua miaka ya 1970. Mtu anabuni mazungumzo na marehemu! Hiyo peke yake ni sura nzima, na hujatunga kitu. Na Mozart hakutupwa kwenye shimo la maskini, alizikwa Vienna kwa daraja la mazishi ambalo watu wengi wa kawaida walizikwa, gulden 8 na kreuzer 56, ndo hela za huko, na gulden 3 za gari la maiti. Mnaona, tumerudi kwenye hela na mazishi, sijapanga.

Muziki wenyewe sasa, maana najua mtasema huyu anaongea hela tu. Msiandike kwamba ni mzuri, wa kina, unagusa roho. Andikeni kitu ambacho msomaji akifungua simu yake atakisikia kwa masikio yake. Kwenye hiyo Mateso ya Mathayo, kila Yesu anapoimba fidla zinamzunguka, sauti ndefu za taratibu, wengine hawapewi hizo. Ila akifika msalabani, pale kwenye Eli, Eli, fidla zinanyamaza, anabaki peke yake. Huhitaji nota kulisikia hilo. Na mezani, Yesu akisema mmoja wenu atanisaliti, wanafunzi wanaingiliana kwa haraka wanauliza Bwana, ni mimi? Hesabu. Maswali yanatoka 11. Kumi na moja, na mezani walikuwa 12. Halafu Bach hasubiri Yuda ajibu, anawapa kwaya wimbo wa kanisa ambao watu wote wanaujua, unaoanza kwa kusema ni mimi. Mbele ya wale madiwani. Mkiweka hilo kwenye kitabu hakuna atakayeuliza kwa nini ni muziki mkubwa.

Wake zao, haraka haraka, mwenyekiti usiniangalie hivyo. Wasifu wote unaishia 1750 Bach amekufa. Anna Magdalena alikuwa mwimbaji wa kulipwa kabla hawajahamia Leipzig, amenakili muziki wa mumewe kurasa kwa kurasa, zile kazi sita za selo, ile fidla kubwa, nakala muhimu tuliyonayo ni ya mkono wake kwa sababu ya Bach mwenyewe imepotea, na akaishi mpaka 1760 akila msaada wa mji. Kwa hiyo kitabu chako kiongeze miaka kumi. Wahariri watakwambia hiyo haihusu, mwambie inahusu, ni pensheni.

Haydn, mtunzi mwingine, nilikuwa naye hapa, mkataba wake wa 1761 wa kuvaa sare na kuripoti kila siku kupokea maagizo, kurasa mbili nzima, na Clara Schumann, mpiga piano na mtunzi, basi tena, mwenyekiti ameshasimama. Leteni maswali. Ila anayetaka kuuliza kama Salieri, mtunzi mwenzake, alimpa Mozart sumu, jibu ni hapana, mpe maiki mwenzako.