Mtoto Asubiri Nje

ZUENA: Karibuni tena. Baraka leo kaja amenuna. Mkimsikia anavuta pumzi mjue si mafua.

BARAKA: Sijanuna. Ninatafakari.

ZUENA: Tafakari kwa sauti basi, kabla sijafungua karatasi yangu.

BARAKA: Karatasi yake ya mambo ya kusema mnaijua, wasikilizaji wa zamani. Haya. Wiki hii nimempeleka mzee kwa wakili akaandike wosia. Wakili nilimtafuta mimi, miadi niliweka mimi, mzee nilimshika mkono mimi kwenye ngazi. Tumekaa, wakili kamwamkia mzee, kamuuliza habari za magoti, kisha akanigeukia: "Wewe utatusubiri pale nje." Nikadhani anatania. Akanishikia mlango!

ZUENA: Wakili mzuri sana huyo.

BARAKA: Subiri. Nimekaa kwenye benchi, napapasa mfuko, nakuta miwani ya mzee. Nikagonga. Mlango ukafunguliwa kiasi cha kupita mkono, miwani ikapokewa, mlango ukafungwa.

ZUENA: (anacheka) Mdogo wangu, ulikuwa mhudumu wa miwani.

BARAKA: Mtoto wa kumzaa, dada!

ZUENA: Ndiyo maana hasa. Mtoto aliyetafuta wakili, aliyemleta mzee, na ambaye huenda akarithi. Siku mzee hayupo, kaka yako akienda mahakamani kudai ulimshinikiza, wataulizwa: nani alipanga safari ile, nani alikuwemo chumbani? Wakili atajibu kwamba Baraka alikuwa kwenye benchi. Benchi lile limekulinda wewe kuliko mtu yeyote.

BARAKA: Lakini mzee anasahau. Ananiita kwa jina la baba mdogo. Mtu wa hivyo anaachwaje peke yake na karatasi?

ZUENA: Kusahau jina si kupoteza akili. Kuna kesi ya Uingereza ya mwaka 1870, Banks na Goodfellow, mawakili wa nchi nyingi wanaitumia mpaka leo. Yule Banks aliamini anaandamwa na mashetani na mtu aliyekwisha kufa. Wosia wake ukasimama! Mahakama iliangalia mambo machache tu: anajua kwamba anaandika wosia? Anajua kwa jumla ana mali gani? Anawakumbuka watu wanaopaswa kufikiriwa? Na yale mawazo ya mashetani, yamepotosha mgao? Hayakupotosha. Kwa hiyo mzee akikuita baba mdogo lakini anajua ana nyumba na ana watoto, hana tatizo.

BARAKA: Nyumba anajua anayo. Hati ya nyumba ndiyo hajui iko wapi. Usiku wa kuamkia safari tulipekua kila mahali. Kabati, chini ya godoro, boksi la viatu. Mwisho nikamwambia, mzee, hebu simama kidogo.

ZUENA: Usiniambie.

BARAKA: Alikuwa ameikalia. Kwenye kochi, chini ya mto, ndani ya bahasha.

ZUENA: Aretha Franklin!

BARAKA: Nani tena?

ZUENA: Yule mwimbaji wa Marekani. Alifariki mwaka 2018, familia ikaamini hakuacha wosia. Mwaka uliofuata zikapatikana karatasi alizoandika kwa mkono wake. Ya mwaka 2010 ilikuwa kwenye kabati lililofungwa kwa ufunguo. Ya mwaka 2014 ilikuwa ndani ya daftari, chini ya mito ya kochi.

BARAKA: Na ya kwenye kabati ndiyo ikashinda.

ZUENA: Ya kwenye kochi! Watoto wake walibishana mpaka Julai 2023, jopo la raia mahakamani Michigan likasema ya kochi ndiyo wosia halali.

BARAKA: Aisee. Kwa hiyo mzee wangu yuko sahihi. Kochi ni ofisi ya serikali.

ZUENA: Wameungua miaka karibu mitano na gharama za mawakili, wewe unasema ofisi ya serikali. Sasa, nilichotaka kusema leo, na hiki ndicho cha kwanza kwenye karatasi yangu: wosia haufanyi kazi mpaka mtu afe. Wengi hawafi ghafla. Kuna miaka ya katikati, mtu yupo lakini hawezi kusaini hundi. Hapo inahitajika hati ya uwakilishi, yaani ya kumruhusu mtu mwingine asaini kwa niaba yako, na ile ya kawaida...

BARAKA: Hiyo nayo inakaa kwenye kochi?

ZUENA: Baraka. Ile ya kawaida inakoma pale mwenyewe anapopoteza uwezo wa kuamua. Yaani inakufa siku ileile unapoihitaji. Ndiyo maana nchi nyingi zimetunga aina inayodumu, Uingereza ilileta ya sasa mwaka 2007, na lazima mzee aisaini akili ikiwa bado ipo. Akishapoteza...

BARAKA: Niulize kimoja tu. Kama mtu hana kochi?

ZUENA: (anacheka) Atatumia trekta.

BARAKA: Trekta?

ZUENA: Kanada, jimbo la Saskatchewan, mwaka 1948. Mkulima Cecil Harris alibanwa na trekta lake shambani. Akatoa kisu cha mfukoni, akachonga kwenye madigadi kwamba akifa katika mkasa ule yote anamwachia mkewe, akatia jina. Akafa. Madigadi ikakatwa, ikapelekwa mahakamani, ikakubaliwa.

BARAKA: Bila mashahidi?

ZUENA: Kule wosia ulioandikwa wote kwa mkono wa mwenyewe na kusainiwa ulikubalika bila mashahidi. Kwingine haukubaliki, kwa hiyo usimpe mzee kisu.

BARAKA: Kaka alijitolea kuwa shahidi, wakili akamkatalia naye.

ZUENA: Sheria ya Uingereza ya mwaka 1837 inasema shahidi anayepewa kitu ndani ya wosia anakipoteza, hata kama amepewa mke wake au mume wake. Wosia unabaki, yeye anatoka mikono mitupu. Mwambie kaka ashukuru.

BARAKA: Sawa, nimekubali benchi. Lakini sasa imekwisha, kasaini, aniambie kaandika nini. Njia nzima kimya. Nikamuuliza, "Mzee, mmeelewana?" Akasema, "Yule kijana ana adabu."

ZUENA: Amekujibu.

BARAKA: Hapana, dada. Wosia wa siri unaumiza. Watu wako msibani, wanasomewa, wanagundua mmoja kapewa zaidi, na wa kumuuliza kwa nini hayupo. Aseme leo, tugombane naye akiwa hai.

ZUENA: Na akishasema atalala? Aliyepewa kidogo atakuja kila wiki na machozi. Aliyepewa nyumba ataanza kupima madirisha. Mzee ana haki ya kubadilisha wosia mpaka siku ya mwisho, akili zikiwepo. Akiutangaza, kila badiliko ni vita, mwisho ataogopa kubadilisha. Aseme wosia uko wapi na msimamizi wa mirathi ni nani. Yaliyomo ni yake.

BARAKA: Unatuona watoto kama wezi.

ZUENA: Nawaona kama watoto.

BARAKA: Mimi nimeona ndugu hawasalimiani kwa sababu ya karatasi ambayo dakika kumi za maelezo zingeimaliza.

ZUENA: Na mimi nimeona mzee anahamishwa nyumba kwa nyumba baada ya kusema.

BARAKA: Hao walikuwa watu wabaya.

ZUENA: Kabla ya hapo walikuwa wazuri kama wewe.

BARAKA: ...Hilo silikubali.

ZUENA: Usilikubali.

(Kimya.)

BARAKA: Fundi mitambo anatuonyesha mkono. Dakika mbili.

ZUENA: Mbili! Sijagusa maagizo ya matibabu, sijagusa akaunti ya pamoja, sijasema lolote juu ya kuandika upya wosia baada ya talaka.

BARAKA: Soma swali la msikilizaji angalau.

ZUENA: "Mama ameongeza jina la dada yetu kwenye akaunti yake ili amsaidie kulipa bili. Mama akifariki, pesa ni za nani?" Inategemea nchi na fomu ya benki. Sehemu nyingi salio linabaki kwa aliye hai, halipiti kwenye wosia kabisa, kwa hiyo mama aende mwenyewe benki aulize fomu ile...

BARAKA: Na dada asiwepo chumbani!

ZUENA: Dada asubiri nje. Na kama mama alimaanisha msaada tu, basi aandike kwa...

BARAKA: Dada, taa imezimwa.