Dema la Zainabu

HAMZA: Wasikilizaji, mnatupata kutoka Chumbageni, Tanga, na dada Zai leo kaja na uso wa aliyedhulumiwa.

ZAINABU: Nimedhulumiwa! Jumatatu kijana wa kidato cha tatu kaja maktabani, pale shuleni ninapojitolea, karatasi mkononi. "Dada, shindano hili la insha mbona hatukuambiwa?" Natazama tarehe: limefungwa siku tatu nyuma. Na mimi kila asubuhi nafungua tovuti kumi na moja, moja moja, kwa bando langu.

HAMZA: Na usilione?

ZAINABU: Lilikuwa kwenye ya tisa. Bando lilikata nikiwa kwenye ya sita. Usiku huohuo nikaweka milisho.

HAMZA: Malisho. Ya mbuzi.

ZAINABU: Mlisho, Hamza. RSS. Tovuti inakuwa na faili lake dogo la XML: kichwa cha habari, tarehe, kiungo, basi. Programu ya kusomea inalipitia na kukuletea yaliyo mapya. RSS yenyewe kampuni ya Netscape waliitoa 1999, na hata podikasti hii inamfikia msikilizaji kwa njia hiyohiyo. Ni kama dema la samaki: unatega, unarudi nyumbani, kesho unaopoa.

HAMZA: Simama hapo. Dema lina chambo. Mlisho chambo chake nini?

ZAINABU: Ni mfano tu!

HAMZA: Babu yangu kasuka madema Sahare mpaka vidole vikapinda. Dema bila chambo ni tenga. Lako wewe ni wando: maji yakijaa samaki wanaingia wenyewe, yakipwa wamebaki.

ZAINABU: Wando hauhamishiki. Mimi tovuti ikinichosha naitoa, natega kwingine.

HAMZA: Haya, tega. Nani anachambua samaki? Jana umenionyesha simu, habari 240 hujazisoma. Ubaoni umebandika tano.

ZAINABU: Mitihani, ufadhili, mashindano. Ndiyo kazi ya mkutubi.

HAMZA: Na ile ya miamba ya chokaa uliyoifuta? Kama yupo mtoto anayetaka kujua maji yalivyoyachonga mapango ya Amboni? Wafundishe watege wenyewe.

ZAINABU: Kwa simu ipi? Shule haziruhusu. Kompyuta mbili, moja haina kipanya. Wanafunzi mia wapange foleni kusoma vichwa 240?

HAMZA: Wapange. Jicho lako moja halitoshi.

ZAINABU: Bora jicho moja linaloangalia kuliko mia yanayosubiri zamu.

HAMZA: Sikubali.

ZAINABU: Wala mimi.

(kimya)

HAMZA: Tuliahidi mambo matano, na hata la kwanza…

ZAINABU: Upesi basi. Orodha yako ya milisho itoe kwa faili la OPML, uwe nayo mwenyewe. Google Reader, programu ya kusomea milisho, ilifungwa Julai 2013, waliokuwa na faili lao wakahamia kwingine. Na faili hilohilo unampa mkutubi wa shule ya jirani, hahangaiki kuanza upya. La pili, kuna tovuti zinatundika PDF tu, mlisho hazina, hizo…

HAMZA: Adhana hiyo.

ZAINABU: Hizo wiki ijayo.

HAMZA: Na chambo hujakitaja. Wasikilizaji wa Pangani, wenye bahari yenu, tuandikieni: dema au wando?

ZAINABU: Usiwaulize wa Pangani, watasema wavu wa jarife.