Mabugo kwa simu

ZAITUNI: Hamjambo nyote, karibuni kibarazani. Mimi Zaituni, na huyu aliyekaa mbele yangu kama mtoto aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu ni Odongo. Una nini leo?

ODONGO: Nina hatia, Hajati.

ZAITUNI: Makka bado sijaiona, usinivishe deni. Hatia ya nini?

ODONGO: Rafiki yangu wa kazini amefiwa na baba yake, huko Masaka. Habari niliipata Ijumaa jioni kwenye kikundi cha WhatsApp: mazishi Jumamosi saa nane. Nikatazama saa, nikatazama mawingu, nikamtumia shilingi elfu hamsini kwa simu. Sijaweka simu mezani, jibu limefika: "Asante kwa mabugo." Nikalala. Asubuhi nikajiuliza, hivi mimi nimemzika yule mzee, au nimelipa bili ya maji?

ZAITUNI: Banange!

ODONGO: Kweli. Vidole vilifanya kazi ile ile. Namba, kiasi, siri, tuma.

ZAITUNI: Ngoja basi, kuna msikilizaji yuko Mwanza au Mombasa, tusimwache. Mabugo, kwa Kiganda, ni pesa za rambirambi. Lakini lile neno lenyewe si la pesa. Mimi nimekulia Bombo, sisi Wanubi tumezungukwa na Waganda, haya tumeyasikia tangu utoto. Lubugo ni nguo ya gome la mti, la mutuba. Mabugo limetoka hapo. Zamani ukisikia kilio, unachukua lubugo lako, unakwenda nalo kwapani, na marehemu anafungwa katika yale yaliyoletwa na watu, moja juu ya jingine.

ODONGO: Kwa hiyo ulichobeba ndicho kinachomgusa.

ZAITUNI: Na ndicho anachoshuka nacho kaburini. Baadaye pesa ikakaa mahali pa gome, jina likabaki. Mwaka 2009 pesa za simu zikaingia Uganda, hata bahasha ikaaga. Jina lile lile. Wewe Ijumaa umetuma nguo za maiti bila kujua.

ODONGO: Nimewahi kuona lubugo likitengenezwa, njia hiyo hiyo ya Masaka. Mzee anabandua gome, kisha shina analifunga kwa majani ya mgomba, kama mtu aliyeungua, ili mti uote gome jingine na mwakani aje tena. Halafu anakaa kibandani kugonga. Ana nyundo za mbao zenye mistari, ya mistari mipana kwanza, nyembamba mwisho. Gome linapanuka mpaka linashinda mkeka, linageuka rangi ya udongo, laini. UNESCO ilitangaza ufundi huo kuwa urithi wa dunia yote mwaka 2005. Mimi nilisimama dakika ishirini, nikachoka kutazama tu.

ZAITUNI: Sasa usijipige mno. Msiba unakula. Elfu hamsini zako zimenunua mchele, au zimelipa hema.

ODONGO: Najua. Pesa siidharau. Ila kuna kitu nilikitoa mle ndani, na sijui jina lake.

ZAITUNI: Mimi nadhani nalijua, maana lilinipiga mwaka 2020. Unakumbuka tarehe 18 Machi, rais anatangaza mikusanyiko basi? Misikiti ikafungwa, makanisa yakafungwa, mpaka Septemba. Na hata ilipofunguliwa, watu 70 ndani, basi. Ramadhani ikatukuta nyumbani. Tarawehe imamu akawa mdogo wangu, miaka kumi na minne, na sura ndefu hana. Kila rakaa Kul-huwallahu. Mama nyuma yangu namsikia anajizuia asicheke.

ODONGO: Swala si ilifaa lakini?

ZAITUNI: Ilifaa kabisa, na nilimpenda kijana yule kuliko imamu yeyote. Tatizo likaja Ijumaa. Shangazi mmoja akatutumia kiungo, khatibu anahutubia moja kwa moja kwenye simu. Tukaiegemeza simu kwenye birika. Mama akajifunga mtandio vizuri, akaketi, akasikiliza. Hotuba ilipokwisha akaniuliza, "Mwanangu, na yeye anatuona?" Nikasema hapana, mama. Akasimama, akaswali zake adhuhuri, rakaa nne.

ODONGO: Kwa nini nne?

ZAITUNI: Kwa sababu Ijumaa ni ya jamaa. Ukiikosa jamaa unaswali adhuhuri yako ya kila siku, na Mungu hana ugomvi na wewe. Lakini huwezi kusema umeswali Ijumaa na yule wa kwenye birika. Hotuba imetufika, safu haikutufika.

ODONGO: Hiyo ya safu ieleze.

ZAITUNI: Kila swala imamu anageuka anasema, nyoosheni safu, jazeni mapengo. Bega kwa bega, mguu kwa mguu. Jirani yako anaweza kuwa fundi wa makanika bado ana grisi, au mbunge, hukuchagua. Sasa mwaka ule milango ilipofunguliwa, tunaambiwa tuachiane nafasi. Sakafu imechorwa alama. Imamu wetu akageuka, akafungua mdomo aseme jazeni mapengo, akanyamaza. Wazee wawili walilia pale. Imani hawakuipoteza hata chembe, Odongo. Walipoteza bega.

ODONGO: Sasa hapo mimi nakuletea kesi ya upande wa pili, kesi ya miguu. Mwaka 2019 nilitembea kwa miguu hija ya Namugongo, kwa mashahidi wa Uganda.

ZAITUNI: Kutoka Tororo? Wewe wa kupanda boda kwenda dukani?

ODONGO: Kama kilomita 200. Bugiri, Iganga, tukavuka Nile pale Jinja, tukakata Mabira na manyani yanatutazama kama sisi ndio tuliopotea. Siku nane. Na niseme ukweli, wakati ule sikuwa na uhakika kama Mungu ananisikia. Nilikuwa na uhakika wa malengelenge tu.

ZAITUNI: Ulikwenda kutafuta nini?

ODONGO: Mama alikuwa ameweka nadhiri, goti likakataa, nikaambiwa wewe ndiye goti. Basi tulipofika parokia moja njiani, kina mama wametupangia mabeseni ya maji ya moto na chumvi. Bibi mmoja akaushika mguu wangu huu, akauinua mpaka kwenye mwanga, akasonya. "Nani alikudanganya utembee na soksi za nailoni?" Akatoa sindano kwenye kilemba, akaipitisha kwenye moto wa mshumaa, akatoboa lengelenge moja moja huku anasali Salamu Maria. Kila Salamu, lengelenge moja.

ZAITUNI: Rozari ya malengelenge!

ODONGO: Sasa fikiria. Alhamisi Kuu padre anaosha miguu kumi na miwili kanisani. Wale wazee wanajua wamechaguliwa, wameshajisugua nyumbani, wengine wamepaka mafuta. Mimi wangu ulikuwa unanuka. Tangu siku ile nikisikia injili ya Yesu kuosha miguu, namwona bibi mwenye sindano, simwoni mwingine.

ZAITUNI: Na Namugongo kwenyewe?

ODONGO: Nililala.

ZAITUNI: Unasema?

ODONGO: Nililala misa yote. Tarehe 3 Juni, sikukuu ya taifa zima, maaskofu wamejaa, watu mpaka huwezi kuona majani. Ile basilika imejengwa kwa umbo la nyumba zetu za asili, nguzo 22, kila nguzo shahidi mmoja katika wale Wakatoliki 22 ambao Papa Paulo wa Sita aliwatangaza watakatifu mwaka 1964. Mimi niko juu ya gunia chini ya mti, nakoroma. Mahubiri sikusikia neno. Mama anasema nilisali kuliko siku zote za maisha yangu. Mimi bado sijakubaliana naye, ila hoja yake naielewa.

ZAITUNI: Na mimi kila mwaka nakukumbusha kwamba Namugongo hamkufika wa kwanza.

ODONGO: Nilijua itakuja.

ZAITUNI: Lazima ije! Uislamu uliingia Buganda mwaka 1844, Kabaka Suuna, yaani mfalme, yuko kitini, Wakristo bado. Mwanawe Muteesa akaupenda, akafunga Ramadhani mwenyewe, akaamuru watu waswali. Halafu mwaka 1876 akawachoma vijana wa Kiislamu, kama 70 hivi, hapo hapo Namugongo. Miaka kumi kabla ya wale mashahidi wenu waliouawa na Kabaka Mwanga. Na kosa lao hebu lisikilize. Walikataa kula nyama ya Kabaka kwa kuwa haikuchinjwa na Mwislamu, na walikataa kuswali nyuma yake kwa kuwa hakutahiriwa. Damu ya Kabaka haimwagwi, ndiyo mila.

ODONGO: Nyama na safu.

ZAITUNI: Nyama na safu. Hawakufa kwa kusema Mungu ni mmoja, Kabaka mwenyewe alikuwa akisema hivyo kila siku. Sasa kijana wa leo ananiambia, "Dada Zai, mimi nina imani moyoni, hayo ya kuinama na kuinuka ni desturi tu." Namheshimu, lakini wale vijana wa ikulu wangemwangalia hivi...

ODONGO: Ingawa kuna mtu atakujibu kwamba kufa kwa ajili ya nyama ni ujinga.

ZAITUNI: Atanijibu, na usiku mwingine hata mimi nawaza hivyo. Mtoto wa miaka kumi na sita si angemeza kipande akatubu? Lakini mtu anayekuchagulia nani akuchinjie na nani akuswalishe ndiye bwana wako. Walilijua hilo kwa mwili kabla ya kulijua kwa hoja.

ODONGO: Jirani yangu mlokole naye ananichekesha. Anasema sisi Wakatoliki tumejaa taratibu, yeye ana Roho tu. Haya. Kila Ijumaa kesha lake nalisikia ukutani: saa nne wimbo wa polepole, saa sita wa kuruka, saa nane ushuhuda, saa kumi vitambaa juu. Tangu nihamie pale haijabadilika hata dakika. Ningeweza kuweka saa yangu kwa Roho wake.

ZAITUNI: Usimchokoze, atakuombea. Turudi kwenye simu. Mimi naona hivi: simu imetuchujia. Kila kinachoweza kutumwa, imekituma. Mahubiri, sadaka, aya ya asubuhi, mabugo. Kilichobaki chini ya chujio ndicho ibada yenyewe. Kumwosha maiti hakutumwi. Kulala mkekani msibani hakutumwi.

ODONGO: Hapo napinga.

ZAITUNI: Pinga.

ODONGO: Kwa sababu ya mama huyo huyo. Sasa goti limemfungia ndani, kanisani hafiki. Jumapili misa ni ya redio. Lakini njoo umwone. Saa mbili kasoro jiko limezimwa. Wajukuu wametolewa nje, kuku wamefukuzwa dirishani. Amevaa gomesi ile ya ubatizo wa kitindamimba. Ikifika injili anasimama, Zaituni. Anashika meza, anasimama na goti lile, mbele ya redio ya betri, chumbani peke yake. Utaniambia hiyo si ibada kwa sababu imekuja kwa mawimbi?

ZAITUNI: ...Hapana. Siwezi kusema hivyo.

ODONGO: Basi chujio lako limetoboka.

ZAITUNI: Limetoboka kidogo. Kwetu pia mgonjwa anaswali ameketi, akishindwa analala ubavu, akishindwa anaashiria kwa macho. Lakini tazama: redio imeleta sauti tu. Kusimama kumetoka kwake. Angeisikiliza huku anachambua mchele ningeshinda kesi.

ODONGO: Mimi nimewahi kusema "na iwe rohoni mwako" nikiwa nyuma ya boda, foleni ya Kireka, sikio moja lina misa na sikio moja linagombana na dereva kuhusu nauli.

ZAITUNI: Hiyo hata mimi naikataa, na mimi si Mkatoliki!

ODONGO: Padre wangu asisikie kipindi hiki.

ZAITUNI: Sasa rafiki yako wa Masaka. Umezungumza naye tangu Jumamosi?

ODONGO: Nilimwandikia pole.

ZAITUNI: Nimeuliza umezungumza naye.

ODONGO: Bado. Najua atarudi kazini Jumatatu, nitamkuta mezani kwake, nitasema pole sana ndugu yangu, atasema asante ulinikumbuka. Na wote wawili tutajua sikwenda.

ZAITUNI: Okwabya olumbe, ile sherehe ya kumaliza msiba, wamepanga lini?

ODONGO: Desemba. Ndipo mrithi atavishwa lubugo na kupewa mkuki. Tayari kuna kikundi kingine cha WhatsApp cha michango, na mweka hazina anatuma majina ya waliotoa kila jioni. Mahema, vyombo vya muziki, ng'ombe wawili.

ZAITUNI: Desemba mbali, na siku ile hutamwona kwa wingi wa watu. Nenda Jumapili hii. Wageni wameondoka, hema limerudishwa, ndio wakati nyumba inapiga kelele.

ODONGO: Nibebe nini?

ZAITUNI: Sukari, sabuni. Ukipewa chakula kula, usiseme umeshiba. Mwambie akuonyeshe kaburi.

ODONGO: Halafu niseme nini pale?

ZAITUNI: Nani kakwambia useme? Simama.

ODONGO: Soksi za pamba, lakini.

ZAITUNI: Za pamba! Na utoke mapema, ile barabara Jumapili jioni kurudi Kampala ni adhabu. Wasikilizaji, tumekwisha. Zima hicho kinasa sauti, naona taa bado inawaka.