Metali Nzito kwenye Mashapo ya Mto: Namba Moja Haitoshi

Ndugu wasikilizaji, maji ya mto yanaweza kupimwa yakaonekana safi, na mto ukawa umechafuka. Risasi, kadimiamu, zebaki na shaba hushikana na chembe laini za tope, zikatua nazo. Ndiyo maana tunachota mashapo, yaani tope na mchanga uliotua chini ya mto.

Kazi nyingi huharibikia hapo hapo kwenye kuchota. Ukilinganisha mchanga wa sehemu moja na tope la sehemu nyingine, unapima ukubwa wa chembe, si uchafuzi. Chota sentimita 5 za juu, maji yanapotulia, kwa kijiko cha plastiki. Kausha kwa joto lisilozidi nyuzi 40, la sivyo zebaki itapeperuka. Chekecha kwa chekeche ya nailoni ya mikromita 63. Chekeche ya metali yaweza kuongeza kile kile unachokitafuta.

Kwa hatari ya kiikolojia, wengi hutumia faharasa, yaani namba ya kupimia hatari, ya mwanasayansi Håkanson ya mwaka 1980. Kiasi ulichopima unakigawanya kwa kiasi cha asili, yaani kile kilichokuwepo kabla ya uchafuzi, kisha unazidisha kwa namba ya sumu: zebaki 40, kadimiamu 30, arseniki 10, risasi na shaba 5, kromiamu 2, zinki 1. Tuseme risasi ni miligramu 80 kwa kilo na asili yake ni 20. Imezidi mara 4, hatari ni 20; chini ya 40 huhesabiwa ndogo. Kadimiamu ikiwa 0.8 na asili yake 0.2, nayo imezidi mara 4, lakini hatari yake ni 120.

Sasa weka asili ya kadimiamu kuwa 0.1. Hatari inaruka hadi 240, na mtoni hakuna kilichobadilika! Ripoti isiyosema kiasi cha asili kilitoka wapi, mimi siiamini. Wastani wa miamba ya dunia nzima si mto wako. Afadhali tabaka la chini lililotua kabla ya viwanda na migodi.

Tena faharasa hii hutumia kiasi cha jumla, wakati metali iliyofungwa ndani ya fuwele za madini haimdhuru mdudu wa topeni. Iliyoshikwa na salfidi, yaani misombo ya salfa, hutulia maadamu tope halina oksijeni. Tope likichimbuliwa ili kuongeza kina cha mto, salfidi huoksidika, yaani huungana na oksijeni, na metali hurudi majini. Oksidi za chuma ni kinyume: huachia metali pale oksijeni inapokwisha. Kwa hiyo kabla ya kuchimbua, pima salfidi na metali inayoachiliwa kwa asidi hafifu. Metali ikizidi salfidi kwa hesabu ya moli, yaani kwa idadi ya chembe na si kwa uzito, jaribu sumu ya tope hilo kwa viumbe hai kwanza.